Mkopo wa 2006: bima naweza kudai?

Dereva wa Leicester: Wakubwa shikamooni. Juzi natafuta cheti cha kuzaliwa cha binti, nikakuta mkataba wa mkopo wa 2006. Ndani kuna bima ya kulinda malipo ya mkopo (PPI) ya pauni 1,140. Kijana wa benki aliniambia bila hiyo mkopo haupiti. Nami teksi ni yangu, bima ya kufukuzwa kazi ya nini? Nani anifukuze?

Jibu: Pole kaka. Mwisho wa kulalamika kwa benki kuhusu bima hizi za hapa Uingereza ulikuwa 29 Agosti 2019. Mimi niliwahi, nikarudishiwa na riba ya asilimia 8 juu.

Jibu: Mahakama imebaki. Tangu kesi ya Plevin, mkopaji aliyeshtaki kuhusu bima kama hii na kushinda 2014, benki ikikuficha kamisheni kubwa mno inayochukua kwenye bima unaweza kudai. Na 2023 Mahakama ya Juu iliamua kwamba ukifichwa makusudi, muda wa kushtaki hauhesabiwi mpaka ugundue au ungeweza kugundua. Muone wakili, kaka, si mawakala wanaopiga simu kukudaia.

Dereva wa Leicester: Asanteni. Cheti bado sijakiona.