Nimemvunja mkono mwizi wa kuku, pigo la pili linaninyima usingizi

Baba Kuku:
Wakuu, salaam. Nafuga kuku wa mayai nje kidogo ya Kibaha, banda liko kama hatua 20 kutoka mlango wa jikoni. Mwezi uliopita niliibiwa kuku 14 usiku mmoja, na waliobaki wakapunguza kutaga wiki nzima kwa mshtuko. Tangu hapo nalala na mpini wa jembe uvunguni.

Juzi saa nane usiku nikasikia kuku wanapiga ile kelele yao ya kuingiliwa. Nikatoka, tochi ya simu mkono wa kushoto, mpini wa kulia. Nikakutana na kijana anatoka bandani, kiroba begani, mkononi bisibisi ndefu aliyong'olea kufuli. Akaniinulia. Nikampiga kwenye kiganja, bisibisi ikaruka, kiroba kikadondoka, akageuka kukimbilia uzio wa michongoma. Nikamfuata. Suruali ilikuwa imenasa kwenye miba, nikampiga tena, mkono wa juu. Mfupa niliusikia.

Sasa ana plasta, na mama yake amekuja kwa mjumbe kudai gharama za matibabu. Anasema asipolipwa anakwenda polisi. Kijana wangu anasema nina haki, mwizi ni mwizi. Mke wangu hasemi kitu, anachambua mchele tu. Ninachouliza: mtu ameingia kwangu usiku, ana silaha. Naruhusiwa kumpiga mpaka wapi?

Dereva wa Boda:
Mzee umemwonea huruma bure. Huku kwetu tairi lingeshawaka. Usitoe hata mia.

Karani Mstaafu:
Baba Kuku, pole kwa usumbufu. Mimi si wakili, nilikuwa karani wa mahakama miaka 22, kwa hiyo nimeandika mienendo ya kesi nyingi za watu waliokaa hapo ulipokaa wewe.

Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16; namba za vifungu nazitoa kwenye toleo la 2022. Kifungu cha 18A kinakupa haki ya kujitetea wewe, mtu mwingine na mali. Lakini soma na 18B: unaruhusiwa nguvu ya kadiri inayohitajika kujitetea, basi. Ukizidisha unajibu kwa kosa litakalotokea. Ukizidisha mtu akafa, ni kuua bila kukusudia, hata kama yeye ndiye aliyeanza. Huyo wa tairi namjibu hivi: nimewaona wa tairi kizimbani. Wote husema walikuwa wamelala.

Kipo pia 18C, kinachokwenda mbali zaidi, mpaka kuua, pale unapoamini kwa dhati na kwa sababu ya maana kwamba utauawa au utajeruhiwa vibaya, au mtu anabaka, anateka, anavunja nyumba usiku, ananyang'anya, anachoma moto. Watu hukariri hapo kwenye "kuvunja nyumba usiku" wakadhani wamepona. Angalia kwamba nyumba inayosemwa kwenye kosa hilo ni ile anayoishi binadamu. Banda la kuku sio.

Kwa hiyo kinachokutetea ni ile bisibisi. Alipokuinulia akiwa na kuku wako begani, hakuwa tena mwizi wa kuku, alikuwa mnyang'anyi mwenye silaha. Pigo la kwanza sina shaka nalo, wala asingekuja mtu kukuuliza kwa nini ulitumia mpini badala ya fimbo. Usiku saa nane hakuna anayechagua silaha kwa mizani.

Swali ni la uzioni. Wakati unampiga mara ya pili, bisibisi ilikuwa wapi? Na uso wake ulikuwa umeelekea wapi? Nauliza kwa sababu akienda polisi atapewa PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, na daktari ataandika jeraha liko upande gani. Hiyo karatasi haina hasira wala woga.

Baba Kuku:
Mama, shikamoo. Sitakudanganya. Bisibisi ilikuwa kwenye majani, niliikanyaga nikimfuata. Alikuwa amenipa mgongo. Na pigo la pili nilimpiga huku nikisema "kumi na nne". Jirani alisikia, asubuhi aliniuliza kumi na nne ya nini.

Dereva wa Boda:
Duh.

Karani Mstaafu:
Marahaba mwanangu. Hapo sasa umenielewa bila mimi kueleza. Kuku walikuwa chini, silaha chini, mtu amenaswa. Ulikuwa hujitetei, ulikuwa unadai deni la mwezi uliopita, na huna hata hakika kama ni yeye aliyekuibia siku ile.

Fanya hivi. Usilipe chochote kwa mjumbe kwa mdomo, na usimfuate yule mama nyumbani. Tafuta wakili kwanza, kisha nenda polisi mwenyewe ukaripoti wizi, kabla hawajakufuata wao. Ya uzioni mwambie wakili kama ulivyotuambia hapa. Jirani ameshasikia, ukificha utaonekana mwongo hata kwenye pigo ulilokuwa na haki nalo.

Baba Kuku:
Nimekuelewa mama. Kesho asubuhi naondoka. Ila bisibisi bado iko pale kwenye majani, nije nayo?

Karani Mstaafu:
Usiiguse! Ifunike na beseni, mwite mjumbe aione ilipo, polisi waje waiokote wenyewe. Na kufuli lililong'olewa usilitupe.