Watu wa California wanajaa Texas kila siku, mbona siasa za Texas hazigeuki?

mgeni_wa_frisco

Wakuu habari za mihangaiko. Mimi na familia tumehamia Texas, kaskazini ya Dallas, tukitokea Sacramento, na sababu ni ile ile ya kila mtu yaani nyumba. Kule tulikuwa tumepanga vyumba viwili kwa hela ambayo huku unalipia mkopo wa nyumba yako mwenyewe yenye ua wa watoto kukimbia, halafu Texas haina kodi ya mapato ya jimbo kwa hiyo mshahara ule ule unaonekana umenenepa.

Sasa nina jirani, mzee wa kizungu, mstaarabu tu, ana pikapu kubwa na nyuma kabandika stika ya kuwaambia watu wasiigeuze Texas yake kuwa California. Alipoona gari langu bado lina namba za kule akacheka, akanipa mkono, akasema karibu sana ila kura zako uziache huko ulikotoka. Nikacheka na mimi. Ila swali limebaki, maana tangu niko California naambiwa wahamiaji wataigeuza Texas iwe ya Wademokrati, kila uchaguzi ni "safari hii safari hii", halafu 2024 Trump kaichukua kwa zaidi ya pointi 13. Sasa hawa watu wanaohama jimbo hadi jimbo wanabadilisha kitu kweli au ni kelele za kwenye tivii?

sauti_ya_houston

Karibu mkuu, ila usiifurahie sana hiyo kodi, subiri mwezi wa kumi ikuletee bili ya kodi ya nyumba ndio utajua Texas wanakula wapi.

Tuje kwenye swali. Watu wanadhani anayetoka California anatoka na siasa za California begani. California ina Warepablikani kibao, 2020 Trump alipata kura zaidi ya milioni 6 kule, nyingi kuliko alizopata Texas kwenyewe, ni vile tu zilimezwa na za Biden. Sasa jiulize katika watu wa California nani anafungasha wa kwanza? Ni yule aliyechoka na kodi, aliyechoka na sheria za bunduki, ambaye kila mwaka anapiga kura na kila mwaka anashindwa, huyo akisikia Texas nyumba ni nafuu na gavana ni wa kwake hasubiri kuambiwa mara mbili. Wanaohama wanajichuja wenyewe kabla hawajapakia hata sufuria.

Na hili lilionekana 2018, Ted Cruz wa Warepablikani na Beto O'Rourke wa Wademokrati wakigombea Seneti. Watu waliohojiwa na CNN wakitoka kupiga kura, waliozaliwa Texas walimpa Beto 51 kwa 48, waliohamia wakampa Cruz 57 kwa 42. Cruz alipona kwa chini ya pointi 3. Maana yake wenyeji walishamchoka, wageni ndio wakamuokoa, na yeye mwenyewe Cruz kazaliwa Calgary, Kanada. Kwa hiyo huyo mzee wako wa stika anafukuza watu wa chama chake mwenyewe hahaha

Florida ndio usiseme. 2000 Bush aliishinda kwa kura 537, Obama akaichukua 2008 na 2012, 2024 Trump kashinda kwa pointi 13. Wastaafu wanashuka toka kaskazini kila mwaka, wakati wa korona wakaongezeka wengine waliokuwa wamechoka kufungiwa ndani, na 2021 Warepablikani waliojiandikisha wakawazidi Wademokrati. Tena baada ya kimbunga Maria 2017 watu wa Puerto Rico walihamia kwa wingi, na wao ni raia wa Marekani, wakiwa kisiwani kwao hawana kura ya rais ila wakitua tu Orlando wanayo. Wachambuzi wengi wakasema basi Florida imeenda kwa Wademokrati. 2018 Mrepablikani Rick Scott akachukua kiti cha Seneti kwa kura kama elfu kumi kati ya milioni nane na ushee.

wa_marietta

Hapo boss umetupea nusu ya stori. Texas na Florida sawa, lakini kuja Georgia uone.

Mimi niko hapa Cobb, nje kidogo ya Atlanta, Wakenya tumejaa, Jumapili ukitembea maduka ya hapa utafikiri uko Thika. Hii kaunti kuanzia 1980 mpaka 2012 kura ya urais ilikuwa ya Mrepablikani bila kukosa, Gwinnett hapo jirani vile vile. 2016 zote mbili zikampea Hillary Clinton na mpaka leo hazijarudi. Na haikuwa uchawi. Ni watu weusi kutoka New York, Chicago, New Jersey, wajukuu wa wale waliotoroka Kusini enzi za ubaguzi, wanarudi kwa sababu Atlanta kuna kazi, kuna vyuo vya watu weusi vyenye jina, kuna makanisa, na nyumba unaweza kununua. Ongeza Wakorea, Wahindi, Walatino, na sisi. 2020 Biden akaishinda Georgia kwa kura 11,779, Januari iliyofuata Warnock na Ossoff, wote Wademokrati, wakachukua viti viwili vya Seneti na Seneti nzima ikabadilisha mwenye nyumba. Kura elfu kumi na moja! Hizo ni mitaa michache tu ya hapa Gwinnett.

Sawa 2024 Trump aliirudisha kwa kura kama laki moja na kumi na tano elfu, sikatai, lakini jimbo ambalo zamani hawakuwa hata wanalifanyia kampeni saa hii wanalipigania mpaka dakika ya mwisho.

Angalia pia Virginia. 1968 mpaka 2004 urais ni Warepablikani tu (waulize watu wa Fairfax na Loudoun, kaunti za karibu na Washington, nini kilitokea: kazi za serikali, kazi za kompyuta, watu wa kutoka kila pembe), 2008 Obama akachukua na haijarudi nyuma kwenye urais. Colorado hadithi ni hiyo hiyo, Bush aliichukua 2004, sasa Mrepablikani wa urais anaipitia juu kwa ndege. Kwa hivyo mimi naona sio umetoka wapi, ni unahama ukitafuta nini. Anayetafuta kazi ya ofisi na chuo anaenda karibu na jiji na siasa zake ni za jiji, anayekimbia serikali anaenda pahali serikali imekaa mbali. Ndio maana Idaho wanalia Wakalifornia wamewajaa na bado Idaho imezidi kuwa nyekundu, yaani ya Warepablikani.

dogo_wa_temeke

Nauliza tu wakuu, yaani ukihama leo kesho unapiga kura huko huko? Huku bongo mtu kahama miaka na kadi yake bado inasoma alikotoka, siku ya kura anaangalia mpira.

wa_marietta

Sio kesho lakini karibu. Kila jimbo lina siku zake za kujiandikisha, kwingine mwezi, kwingine hata siku ile ile ya kura. Na hakuna mambo ya kurudi ushago kupigia kura kwenu kama sisi Kenya, unapiga mahali unalala. Sasa ndio maana kuhama kunauma wanasiasa, kura inahama na kitanda.

nipo_maine

Wote mnaongelea urais na Seneti, mimi naona mgeni anasikika zaidi kwenye vitu vidogo, huko ambako watu hawaendi kupiga kura.

Vermont 1981, jiji la Burlington, jamaa mmoja aliyezaliwa Brooklyn na kuhamia Vermont 1968 anagombea umeya, anashinda kwa kura 10. Ndiye Bernie Sanders, huyu seneta wa mrengo wa kushoto. Na Vermont ile ilikuwa ya Warepablikani kuanzia 1856, uchaguzi wa kwanza wa urais kuwapa Wademokrati ilikuwa 1964! Halafu miaka ya sitini na sabini vijana wa mijini wakaanza kupanda huko milimani wanatafuta mashamba na hewa, barabara kuu mpya nazo zikaleta watu wa New York na Massachusetts, taratibu jimbo likageuka kabisa.

Sasa vuka mto uende New Hampshire, huko kuna watu waliokaa wakapanga kuhama kwa ajili ya siasa. Mpango wao ulianza 2001, wasioitaka serikali watu 20,000 waahidi kuhamia jimbo moja dogo ili walishike, 2003 wakalichagua New Hampshire. Bunge la chini la pale lina wabunge 400 kwa jimbo la watu milioni moja na nusu hivi na posho ni dola 100 kwa mwaka, kwa hiyo kuingia bungeni sio kazi ngumu. Kuna kamji kanaitwa Croydon, watu kama 800. Machi 2022 kwenye mkutano wa mwaka wa mji, kuna theluji, watu wachache ukumbini, anasimama kiongozi mmoja wa mrengo huo anapendekeza bajeti ya shule ishushwe toka dola milioni 1.7 mpaka laki nane. Wanapiga kura pale pale, 20 kwa 14, imepita! Mji mzima unaamka kesho yake shule haina hela. Wazazi wakahangaika na sheria wakapata mkutano mwingine mwezi Mei, ila ulitakiwa wafike angalau nusu ya waliojiandikisha la sivyo haufai, na wapinzani wakawa wanawaambia watu bakini nyumbani. Wakafika, na bajeti ikarudi kwa 377 dhidi ya 2. Mimi hii huwa nawasimulia wale wanaosema kura moja ya nini.

Na hapa kwetu Maine kuna Lewiston. Mji wa viwanda vya nguo vilivyokufa, wazungu wenye asili ya Kifaransa toka Kanada, watoto wao wanaondoka. Kuanzia 2001 Wasomali wakaanza kuja wenyewe, wengi walikuwa wameshapewa makazi Georgia, wakasikia Lewiston nyumba ni bei poa na mji umetulia. 2002 meya akaandika barua ya wazi kwa wazee wa Kisomali akiwaomba wawaambie ndugu zao wapunguze kuja, ikawa habari ya nchi nzima. Wakaja tu. 2019 Safiya Khalid, binti wa miaka 23, akachaguliwa diwani wa hapo, 2022 Mana Abdi wa Lewiston na Deqa Dhalac wa South Portland wakaingia bunge la jimbo. Na ndugu wa Tanga mnaosoma hapa, kati ya hao wanaoitwa Wabantu wa Somalia wapo Wazigua kabisa, mababu zao walichukuliwa utumwani toka kwetu karne ya 19. Nimesikia Kizigua dukani Lewiston kwa masikio yangu, bibi anagombana na mjukuu juu ya mchele.

mutoto_ya_bukavu

Jambo bandugu. Siye tulifikaka kwanza Arizona, njo kule batuletaka wakati tulitoka mu kambi ya Nyarugusu, kisha bengine bakatuambia Iowa kuko kazi ya kiwanda ya nyama na nyumba haiko bei sana, tukahama, jamaa moja ikavuta ingine. Sasa kila wakati ya uchaguzi batu ya siasa banakuya ku kanisa yetu, banasalimia pasta, banasema "jambo" ya kujifunza mu gari, lakini habajue kama mu ile kanisa muzima wenye ruhusa ya kupiga kura ni kidogo sana. Bengi bangali na grini kadi, uraia unangojea miaka 5. Lakini ku sensa banatuhesabia bote, ata mutoto mwenye alizaliwa jana.

sauti_ya_houston

Huyu ndugu wa Bukavu kagusa penyewe. Sensa inahesabu kila anayeishi hapo, awe raia asiwe raia, na viti 435 vya Baraza la Wawakilishi vinagawanywa kwa hesabu hiyo. Baada ya sensa ya 2020 Texas iliongezewa viti 2, Florida 1, California ikapoteza kimoja kwa mara ya kwanza kabisa, New York nayo kimoja, na New York ilikosa kwa watu 89 tu! Watu 89, hiyo ni harusi ndogo ya Kichaga. Kiti cha mwisho kikabaki Minnesota, jimbo ambalo Wasomali na Wakenya wengi waliingia wakitokea majimbo mengine, mbunge wa huko Ilhan Omar mwenyewe alianzia Virginia. Na kwa urais pia inauma, Biden alipata kura 306 za wajumbe wanaomchagua rais mwaka 2020 (kila jimbo lina wajumbe kulingana na viti vyake), majimbo yale yale kwa hesabu mpya yanampa 303.

Sasa mgeni wa Frisco, jibu la mbona hazigeuki: Texas kati ya 2010 na 2020 iliongeza watu karibu milioni 4 na 95 katika kila 100 walikuwa sio wazungu, lakini anayechora mipaka ya viti ni bunge la jimbo, ambalo ni la Warepablikani. Watu wanaleta viti, mwenye kalamu anaamua viti vya nani. 2025 wakachora tena hata sensa nyingine haijafika, na California nayo ikachora yake kujibu mapigo.

mgeni_wa_frisco

Nimesoma yote wakuu, shukrani. Sasa kwa vitendo, mimi nina uraia, mke wangu bado grini kadi. Naanzia wapi, na nikijiandikisha lazima niseme chama?

sauti_ya_houston

Texas hawakuulizi chama. Wakati wa mchujo ndio unachagua karatasi ya chama gani unataka siku hiyo. Usitafute kujiandikisha mtandaoni kama California, huku mgeni anajaza fomu, anasaini kwa mkono, anatuma kaunti, na iwe imefika au imepigwa muhuri wa posta siku 30 kabla ya uchaguzi. Au fanya unapokwenda kubadilisha leseni, una siku 90 tangu uhamie. Halafu usisubiri Novemba, mwezi wa tano kuna uchaguzi wa bodi ya shule na halmashauri ya mji, watu wanaojitokeza ni wachache mno, na hao ndio wanaopanga sehemu kubwa ya ile bili ya nyumba niliyokuambia.

Mkeo sasa. Pale kwenye leseni karani anaweza kumuuliza kama anataka kujiandikisha kupiga kura, anauliza kila mtu kama kasuku bila kuangalia karatasi zako. Ajibu hapana, asiweke saini popote kwenye hiyo sehemu. Mwenye grini kadi akionekana kwenye daftari la wapiga kura anaweza kukosa uraia na hata kurudishwa kwao, na kusema sikuelewa swali hakusaidii sana. Nenda naye, simama naye dirishani.