Tunawaandalia siku ya shukrani bibi na babu wanaotulelea watoto: tuipangeje isiwachoshe?

Mkwe_Mdogo
Habari zenu wakuu. Wakwe zangu ndio wanaoshinda na watoto wetu wawili, wa miaka 3 na 7, siku 5 kwa wiki, tangu asubuhi hadi jioni. Familia imekubaliana wafanyiwe siku yao ya shukrani, hapo hapo nyumbani. Babu hasikii vizuri, bibi magoti yanamsumbua. Tuchague tarehe ipi, ratiba iweje wasichoke, na zawadi gani itawafaa kweli? Tungependa pia kuwarekodi wakisimulia, kwa simu tu. Naombeni ushauri wenye ujuzi.

Tarehe_na_Miadi
Mkitaka siku inayojulikana, 1 Oktoba ni Siku ya Kimataifa ya Wazee. Umoja wa Mataifa uliipitisha Desemba 1990, ikaanza kuadhimishwa 1991. Wakatoliki wana Jumapili ya nne ya Julai, siku ya mababu na wazee iliyoanzishwa na Papa Fransisko 2021.

Kwa shughuli ya nyumbani, muhimu zaidi ni wiki isiyo na kliniki ya wazee wala mitihani ya mtoto wa miaka 7. Na msiwashtukize. Wapeni taarifa wiki mbili kabla wachague nguo, wataje wageni wanaowataka, na wajue dawa za siku hiyo watazinywa saa ngapi.

Muuguzi_wa_Wazee
Anzeni saa nne asubuhi, mmalize saa sita. Jioni wazee wengi wameshachoka, na mtoto wa miaka 3 mchana anataka kulala.

Kuhusu babu: masikio yakizeeka hupoteza kwanza sauti nyembamba. Ndiyo maana mtu husikia kwamba anaongeleshwa lakini maneno hayapati. S, f, t na sh zinampita, na sauti za watoto ni nyembamba pia. Kumpigia kelele hakusaidii, kunakuza irabu tu huku konsonanti zikizidi kupotea. Mketisheni mgongo ukielekea ukuta, mbali na spika. Anayezungumza akae mbele yake, mita moja hadi moja na nusu, mwanga ukimwangukia usoni. Akisimama huku dirisha liko nyuma yake, babu hataona midomo. Aongee mtu mmoja mmoja, taratibu, na muziki uzimwe kabisa wakati wa maneno, hasa kama anavaa kifaa cha kusikilizia, kwa kuwa kifaa hukuza na muziki pia.

Bibi msimweke kwenye sofa la kuzama. Mtafutieni kiti chenye mikono, kimo cha sentimita 45 hadi 50 kutoka sakafuni. Nyonga zikiwa juu kidogo ya magoti, kunyanyuka kunakuwa kwepesi.

Sasa kosa ambalo huharibu shughuli hizi: mwenye kushukuriwa anaishia jikoni, mjukuu kamng'ang'ania. Teueni kwa jina mtu wa kukaa na watoto siku hiyo, na mwingine wa jikoni. Mkiachia "tutasaidiana wote", mtoto akilia atamkimbilia bibi kama siku zote, naye atainuka.

Hotuba ziwe fupi na ziseme mambo yenyewe. "Asanteni kwa yote" haishikiki. Semeni nani aliamka usiku mtoto alipokuwa na homa, nani alimfundisha kufunga vifungo. Wa miaka 7 aandikiwe sentensi nne au tano kwa herufi kubwa. Wa miaka 3 mpeni jambo la dakika moja, kwa mfano kupeleka karatasi yenye alama ya kiganja chake, na asipotaka mwacheni.

Fundi_Sauti
Kurekodi msifanye siku ya sherehe, kelele ni nyingi. Tafuteni siku nyingine, chumba kidogo chenye mapazia na godoro, kwani vitambaa hunyonya mwangwi. Zimeni feni na televisheni. Simu iwe kwenye hali ya ndege ili isikatizwe na mtu anayepiga, na ilazwe juu ya taulo lililokunjwa, la sivyo kila kiganja kinachogonga meza kitasikika. Umbali ni kama sentimita 30 kutoka mdomoni. Rekodi dakika moja ya majaribio, isikilize kwa vipokea sauti, kisha endelea.

Dakika 40 kwa kikao zinatosha. Faili la MP3 la kiwango cha kawaida hula karibu MB 1 kwa dakika. WAV, yaani faili la sauti isiyobanwa, ya njia moja (mono) hula karibu MB 5 kwa dakika, sawa na MB 200 kwa kikao. Kama nafasi ipo chukua WAV. Weka nakala tatu, moja isikae nyumba hiyo. Jina la faili lianze na mwaka, mwezi na tarehe, halafu msemaji, halafu mada. Faili linaloitwa "rekodi mpya 7" halitafutwi na mtu baada ya miaka mitano.

Zamu_ya_Wiki
Kwenye zawadi nasisitiza: nguo na picha ziwepo, ila anayelea siku 5 kwa wiki anachokikosa ni muda wake. Wapeni mapumziko yaliyoandikwa. "Mkichoka semeni" si zawadi. Mzee hatasema, ataona anawabebesha mzigo.

Chukueni karatasi moja ya wiki 4. Kwanza jazeni tarehe za kliniki zao wenyewe, za presha, sukari au macho, kwa sababu hizo ndizo huahirishwa wakiwa na wajukuu. Kisha nusu siku moja kila wiki, yenye jina la atakayechukua watoto, saa ya kuwachukua na saa ya kuwarudisha, pamoja na jina la akiba endapo wa kwanza atakwama. Mipango hii hufa pale mtu anapoghairi asubuhi yenyewe na hakuna wa pili. Begi la watoto lifungwe usiku, na kazi hiyo isiwe ya bibi.

Ongezeni kisanduku cha dawa chenye kufuli. Vile visanduku vya vidonge vya siku saba mtoto wa miaka 3 huvifungua bila shida, na kidonge kimoja tu cha sukari au cha presha kinaweza kumdhuru vibaya. Mkoba wa bibi nao usiachwe kitandani.

Mkwe_Mdogo
Nashukuru sana, karatasi ya zamu naianza leo. Imebaki moja: babu anasema yeye hana la kusimulia.

Fundi_Sauti
Mkuu, ukimwambia "tusimulie maisha yako" atafunga mdomo, swali ni kubwa mno. Mpe kitu mkononi: picha ya zamani, au kifaa alichokuwa akifanyia kazi. Muulize namna, "hiki kilikuwa kinatumikaje?", "mlianza na nini?" Mwulizaji awe mjukuu wa miaka 7 na maswali matano yaliyoandikwa, akae mbele yake kama muuguzi alivyoeleza. Babu akinyamaza, hesabuni polepole hadi tano kabla ya swali linalofuata. Mara nyingi maneno yako njiani. Akitaja jina la mtu au mahali, usimkatize kuuliza tahajia, liandike pembeni umuulize mwisho.

Kabla ya kuanza mwombeni ruhusa, na muulizeni nani asikie. Akisema sehemu fulani isitoke nje, andika "ya familia tu" kwenye jina la faili hapo hapo, kabla hujamtumia yeyote.