Ramani ya klorofili haijaondolewa hewa vizuri halafu mnawapa wavuvi, hivi mna akili kweli?

Wakuu leo sina salamu ndefu, nimekasirika. Kuna mradi siutaji jina umesambaza kwenye magrupu ya wavuvi ramani ya setilaiti ya klorofili, yaani ule ukijani wa mimea midogo ya baharini ambayo ni chakula cha samaki, upande wa delta ya Rufiji kote nyekundu (yaani klorofili nyingi) mpaka kukaribia Mafia, chini wameandika chakula cha samaki ni kingi. Nahodha mmoja namheshimu kama baba yangu kaamini, katia petroli kaenda, kakuta maji rangi ya chai ya maziwa, karudi na ndoo mbili za vibua.

Nikaomba faili lenyewe la MODIS, kile kihisi cha setilaiti za NASA, nikalifungua. Bendi ya nanomita 412, yaani mwanga wa bluu iliyokolea kutoka baharini, ni hasi. HASI jamani! Bahari inatoaje mwanga chini ya sifuri? Na alama ya onyo kwamba kusahihisha hewa (kuutoa mwanga wa hewa ubaki wa bahari) kumefeli ilikuwepo kwenye pikseli zilezile, mtu kaiondoa ili ramani isiwe na matobo.

Iko hivi kwa wasiojua. Mwanga unaofika kwenye setilaiti karibu asilimia 90 umetoka hewani, bahari ni hicho kidogo kinachobaki, kwa hiyo ukikosea hewa kidogo tu umekosea bahari sana. Molekuli za hewa zinapigika hesabu vizuri, kazi ipo kwenye erosoli, yaani chumvi, vumbi, moshi, maana leo hivi kesho vile. Njia ya Gordon na Wang ya 1994 inaangalia infraredi ya karibu, mwanga uliopita kidogo nyekundu ambao macho hayauoni, huko maji safi yanameza mwanga yanakuwa meusi, so chochote kinachong'aa kinahesabiwa ni erosoli halafu inakadiria erosoli hiyo ingekuwa kiasi gani kwenye bluu, inaipunguza humo. Kule nje kwenye maji ya kina inafanya kazi safi kabisa. Sasa leta tope la Rufiji! Tope linang'aa kwenye infraredi, algoritimu inadhani ni erosoli, inapunguza kupita kiasi, bluu inakufa, na klorofili inapigwa hesabu kwa uwiano wa bluu na kijani, bluu ikishuka klorofili inapaa. Ndio wekundu wenu huo. Msimu wa kuchoma mashamba nao moshi unameza bluu na infraredi haioni hilo, inaharibika vilevile hata maji yakiwa safi.

Msiniambie programu za sasa zina marekebisho ya kurudiarudia hesabu kwa ajili ya maji ya tope, najua, tope zito linazishinda. Bendi za nanomita 1240 na 2130, infraredi ya mbali zaidi ambako maji yanameza mwanga zaidi hata yakiwa na tope, zipo humohumo kwenye MODIS, zina chenga kweli ila bora chenga kuliko uongo, na kama hamuwezi acheni tobo kwenye ramani, mvuvi ataelewa tobo.

Petroli ya yule mzee nani anarudisha? Na mdau aliyeshajaribu data za PACE, ile setilaiti ya NASA iliyorushwa Februari 2024 yenye vifaa viwili vya kupima polaraizesheni (mwelekeo wa mtetemo wa mwanga) vya kusomea erosoli, kati ya Mafia na bara, aweke hapa tuone 412 inasoma ngapi.