Kilim au zulia la manyoya: nichukue lipi Istanbul?

Mwanahawa_K: Wadau, mwezi ujao napita Istanbul siku tatu na begi langu lina nafasi ya kitu kimoja tu. Nichukue kilim, lile lililofumwa bapa bila manyoya, au zulia la manyoya, lenye nyuzi zilizofungwa mafundo? Ni la sebuleni, watoto watalikanyaga.

Bin_Sufu: Kilim. Uzi wa rangi ndio mshindio wenyewe, yaani uzi wa kukatiza, unapita juu na chini ya mtande, zile nyuzi za urefu, mpaka unaufunika. Inakunjika kama shuka. Rangi mbili zinapokutana wima utaona mwanya kama tundu la kifungo. Haijachanika, hapo mfumaji kageuza uzi. Yangu ina nakshi ya elibelinde, yule mwanamke aliyeshika kiuno.

Mzee wa Magomeni: Kwa begi, sawa. Kwa watoto, hapana. Zulia likilika manyoya, mtande bado uko salama chini. Kilim ukiikanyaga unakanyaga mfumo wenyewe. Ukifika Istanbul ingia Makumbusho ya Sanaa za Kituruki na Kiislamu, uone mazulia ya enzi za Waseljuki, watawala wa Kituruki kabla ya Waottomani, yaliyokutwa msikiti wa Alaeddin, mji wa Konya. Karne ngapi hizo!

Hariri_Tupu: Zulia la Hereke jamani! Kiwanda kilianzishwa 1843, kikawa cha sultani, kilianza na vitambaa, mazulia yakafuata. La hariri lina mafundo 10 kwa 10 kila sentimita ya mraba, yaani milioni moja kwa mita ya mraba.

Bin_Sufu: Watoto wamwagie uji Hereke?

Hariri_Tupu: Basi atundike ukutani 😅

Mama Zulekha: Mie niliuziwa "hariri", kumbe pamba iliyong'arishwa. Mwanangu, omba uzi mmoja wa pindoni uuchome nje ya duka. Hariri hunuka nywele zilizoungua, pamba hunuka karatasi. Akikataa, aga uondoke, hata kama chai yake umeshainywa.

Mwanahawa_K: Na rangi je, shikamoo Mzee?

Mzee wa Magomeni: Marahaba. Rangi za viwandani ziliingia nusu ya pili ya karne ya 19, zikasukuma kando nyekundu ya mizizi na buluu ya nili. DOBAG, mradi wa kufufua rangi za asili, ulizirudisha hizo za mizizi na nili 1981 vijijini Ayvacık, magharibi mwa Uturuki, sufu tupu. Sugua kitambaa cheupe chenye maji. Kikitoka chekundu, liache.

Mwanahawa_K: Nimeamua: la sufu, dogo, rangi za mizizi. Mume wangu sasa anauliza suruali zake zitakaa wapi.