Kumbikumbi wa kichuguu cha mpakani: tujipange vipi?

mtaa_wa_nyuma (Mumias)

Jioni njema wenzangu. Kwenye ua unaotenga boma letu na la jirani kuna kichuguu kinachofika kiunoni. Tangu mvua ya juzi mchwa wamekuwa wakitoboa vijishimo upande wa chini na kuvizungushia tope mbichi. Tumekubaliana nyumba zote mbili tutege pamoja na watoto wawemo. Wako saba, mdogo ana miaka mitano.

Nauliza: turubai au blanketi? Shimo la kunasia liwe la ukubwa gani? Mzee mmoja hapa anasema tugonge debe, jirani anasema taa peke yake inatosha. Na tukibahatika kupata gorogoro (kopo la kupimia nafaka) tatu nne, tuzihifadhi vipi? Jirani ana kuku kama thelathini, nao nawaogopa kuliko mvua.

fito_na_kamba (Butere)

Tope mbichi ukingoni ni dalili nzuri, milango inaandaliwa. Siku yenyewe huamuliwa na hali ya hewa: mvua iliyolowesha udongo vizuri, halafu joto, na upepo uwe umetulia. Usiku wa baridi laleni tu.

Kazi ya jembe imalizeni mapema, kesho mchana ikiwezekana. Kosa la wengi ni kungoja mpaka kumbikumbi waanze kuchungulia ndipo wachimbe. Ardhi inatikisika, mchwa wanaziba milango kwa tope, na mabawa yote yanarudi ndani. Chimbeni shimo la kumeza ndoo ya lita kumi, hatua moja kutoka kwenye vijishimo. Ukingo wa ndoo ulingane na ardhi kabisa. Ukichomoza hata upana wa kidole, watauzunguka na kwenda zao. Ndoo ya plastiki inashinda shimo tupu kwa sababu kuta zake zinateleza, hawapandi, na baadaye hutafuni mchanga. Ifunikeni kwa kipande cha bati isijae maji ya mvua.

Fito sita za mita moja na nusu zinatosha. Zichomekwe kuzunguka upande wenye milango, zikunjwe zikutane juu, zifungwe kwa kamba. Ziacheni hapo hata siku tatu, mchwa watazizoea.

Blanketi zito, tafadhali. Turubai hupigapiga kwa upepo, na ule unyevu wa ndani hubandika mabawa. Msifunike mapema. Ngojeni mpaka muone askari, wale wa vichwa vikubwa vyekundu, wamejipanga mlangoni. Hapo ndipo blanketi linashushwa polepole juu ya fito bila kugusa vijishimo, pindo linafukiwa kwa udongo, na mnaacha uwazi mmoja tu juu ya ndoo. Kwingine kote giza. Taa ya sola iwekwe nje, ng'ambo ya ndoo, chini kabisa. Kumbikumbi wanatambaa kuufuata mwanga na kuanguka kabla hawajaufikia. Taa ikining'inizwa juu mmewafundisha kuruka. Koroboi isikaribie hapo, blanketi na moto havipatani.

debe_tupu (Bondo)

Mzee wako yuko sahihi, na jirani naye yuko sahihi. Inategemea ni kumbikumbi gani. Huku kwetu ng'wen, yaani kumbikumbi kwa Kijaluo, wana majina kadhaa kwa sababu hawatoki wakati mmoja. Wapo wadogo wa mchana na alasiri, wapo wakubwa wa giza. Debe ni la wale wadogo. Wakubwa wa usiku mtawagongea mpaka mikono ife ganzi.

Namna ya kugonga: lazeni ubao au debe chini, likae vizuri kwenye udongo karibu na kichuguu. Fimbo mbili nyembamba. Mdundo uwe mwepesi, wa haraka, usiokatika, kama matone ya mvua juu ya bati. Ukigonga kwa kishindo kama mtu anayebisha mlango wa mdeni, utaitisha askari tu. Kabla ya hapo nyunyizeni maji, lita tano hivi kwa kopo lililotobolewa, juu ya milango na pembeni. Mnawadanganya kwamba mvua imenyesha.

Zamu za dakika tano tano kwa watoto, na nyimbo ndizo zinazoshika mdundo usipotee. Nusu saa ikipita bila dalili, acheni. Kama ndani hawajakomaa, hakuna ngoma itakayowatoa.

boma_safi (Vihiga)

Kabla ya fito na debe, muulize jirani swali moja: kuna aliyemwaga dawa ya mchwa kwenye msingi wa nyumba, nguzo za ua au shamba la mahindi karibu na hapo? Mchwa hulishana mdomo kwa mdomo. Baadhi ya dawa zimetengenezwa ziue polepole makusudi, ili anayerudi nyumbani aigawe kwa wenzake. Kichuguu kinaweza kuonekana kizima huku sumu ikiwa ndani. Jibu likiwa ndiyo, waacheni. Hata kuku wa jirani wasile.

La pili ni taa. Wengi huwasha balbu ya ukutani na kuweka beseni la maji chini yake. Ni rahisi, wanaanguka kweli, ila mabawa yakilowa yanagandamana na kupepeta kunakuwa adhabu. Tena balbu inaita kila kitu kirukacho, na msimu wa mvua huo ni msimu wa nairobi flai. Waonyesheni watoto mapema: mwembamba, urefu wa punje ya mchele, rangi ya chungwa na nyeusi kwa zamu. Haumi wala hachomi, sumu iko ndani ya mwili wake. Akitua shingoni apulizwe, asipigwe kofi wala kupondwa. Akishapondwa, osheni ngozi mara moja kwa maji na sabuni, na mkono uliomponda usiguse macho. Mashati ya mikono mirefu na suruali kwa wote saba.

Askari wa kichuguu nao huuma hadi damu. Mtoto wa miaka mitano ashike taa, asiingize mkono kwenye ndoo.

Na kama kuna mtu anayevimba au kuwashwa akila kamba wa baharini au kaa, asiwaonje. Mwili unaweza kuwakataa kumbikumbi vilevile.

jiko_la_makaa (Bungoma)

Nimesubiri mfike jikoni.

Kwanza, mkishawatoa kwenye ndoo msiwafungie kwenye kitu kisichopitisha hewa wakiwa wabichi. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku mwaka 2017 lakini bado kuna ndoo zenye vifuniko na makopo ya kubana. Mwaka 1980 jarida la madaktari la Uingereza, British Medical Journal, lilichapisha taarifa ya mlipuko wa botulizimu, sumu ya chakula inayopooza mwili, hapa hapa Kenya uliotokana na kula kumbikumbi. Kijidudu cha sumu hiyo hukaa kwenye udongo na hustawi pasipo hewa. Kumbikumbi wabichi, wenye unyevu na vumbi la kichuguu, wamefungiwa siku mbili tatu: hapo mmemwandalia kila kitu. Wapikwe usiku uleule. Mkishindwa, watandazwe kwenye ungo mpaka alfajiri, si zaidi.

Sufuria kavu, makaa yaliyotulia. Mafuta ya kupikia ya nini? Wana ya kwao, karibu nusu ya uzito wao wakishakauka. Mimina kiasi cha kufunika kitako cha sufuria kwa kina cha kidole, si zaidi, maana wakirundikana wanachemka badala ya kukauka. Koroga bila kusimama. Baada ya dakika chache mabawa yanakatika yenyewe. Epua, mimina kwenye ungo, sugua kidogo kwa viganja, kisha pepeteni upepo ukiwa mwanana. Watoto hupenda hapa kuliko popote, mabawa yakiruka kama theluji ya kwenye picha. Ukimaliza, tingisha ungo kwa kuuinamisha: mchanga unashuka upande mmoja, askari wenye vichwa vizito wanafuata, unawaokota.

Rudisha jikoni. Kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa gorogoro, kiyeyushwe kwenye maji kidogo na kunyunyizwa. Chumvi kavu haishiki. Sikiliza sauti: mwanzoni mwiko unapita kimya, wakiiva unasikia kama changarawe, na harufu inageuka kuwa ya karanga. Moto mkali unawababua nje na kuwaacha wabichi ndani, na hao ndio wanaooza kwenye kopo.

Wa kuweka akiba waanikwe tena juani kwenye mkeka, wametandazwa wembamba, siku moja au mbili mpaka wavunjike ukiwabana kwa vidole. Mvua ikikatiza, malizia kwenye sufuria juu ya makaa yanayokaribia kuzima. Wapoe kabisa ndipo waingie kopo kavu. Wakianza kunuka kama mafuta ya zamani, tupa.

Ugali wa wimbi, na mboga ya kunde pembeni kama ipo.

mtaa_wa_nyuma (Mumias)

Asanteni sana. Jirani anasema hajaweka dawa yoyote tangu anunue kiwanja, na ua ni wa michongoma, hakuna nguzo. Bado mawili. Watoto wanapenda kuwala wazima palepale, niwakataze? Na tugawane vipi bila manung'uniko? Kichuguu kiko nusu kwa nusu lakini milango yote iko upande wetu.

boma_safi (Vihiga)

Wakataze. Si kwa sababu ya kumbikumbi mwenyewe, ni udongo alioutambaa na mikono iliyochimba. Weka jiko dogo hapo hapo kando, wapate wa kwanza wa moto ndani ya dakika kumi. Hawatadai wabichi tena.

fito_na_kamba (Butere)

Milango si hoja. Mwakani wanaweza kutoboa upande wa pili. Ila msigawane kwa ndoo. Ndoo iliyojaa mabawa ikipepetwa inashuka vibaya, na aliyechukua ya juu atajiona ameibiwa. Pepeteni pamoja kwenye ungo mmoja, ndipo mpime kwa gorogoro moja ileile, kilichobaki chini ya kipimo kiende kwa bibi yeyote wa karibu asiye na mtu wa kumtegea.

Kuku wafungiwe saa tisa mchana, kabla hawajaona chochote. Asubuhi wafungulieni kwenye ndoo na chini ya blanketi, watasafisha kuliko fagio.