Mbuzi yangu ya kukunia nazi: jina la biashara latosha, au niombe hataza, yaani hati ya kulinda uvumbuzi?

Fundi wa Langoni, Lamu
Assalaam aleikum. Nimeunda mbuzi ya kukunia nazi inayozungushwa kwa kanyagio la baiskeli. Kifuu hushikwa na vidole vitatu vya chuma vyenye springi, vinavyokisogeza kadiri nyama inavyopungua na kusita kabla meno hayajagusa ganda, ndiyo maana tui hutoka jeupe. Miezi mitatu iliyopita niliitumia harusini kwa jirani, na tangu hapo watu huja kuipiga picha. Nimekwisha kusajili jina la biashara, "Mbuzi ya Lamu". Je, jina hilo litamzuia mtu kuniiga, au nimechelewa?

Mama Achari, Malindi
Waaleikum salaam, kaka yangu. Halitamzuia. Niliuza achari ya embe miaka minne nikiamini hati kama hiyo yatosha, mpaka nilipokuta sokoni chupa za mtu mwingine zenye jina langu, hata kifuniko rangi ile ile. Haki ya kumkataza mwingine hutokana na alama ya biashara, inayosajiliwa na taasisi ya serikali ya mali ya viwanda, KIPI, iliyoko Nairobi. Omba kwanza upekuzi wa daftari, ujue kama kuna alama inayofanana na yako. Bidhaa na huduma zimegawanywa katika madaraja 45, nawe hulindwa katika yale uliyoyaombea. Ombi likikubaliwa hutangazwa jaridani, na mwenye pingamizi hupewa siku 60. Usajili hudumu miaka 10, na huweza kuhuishwa. Lakini tafuta jina jingine, kwani "mbuzi" ni jina la chombo chenyewe na "Lamu" ni la mji, na maneno ambayo kila muuzaji ana haki ya kuyatumia ni vigumu kumilikishwa mtu mmoja.

Mzee wa Shela
Alama hulinda jina. Vidole vile vya chuma vyahitaji ulinzi wa uvumbuzi. Hujachelewa, mwanangu, kwa kuwa sheria yetu ya mwaka 2001 humsamehe mvumbuzi aliyekionyesha chombo chake mwenyewe ndani ya miezi 12 kabla ya kuwasilisha ombi, ingawa nchi nyingi hazina msamaha huo. Hataza hudumu miaka 20 tangu siku ya kuwasilisha ombi, ila hudai hatua ya kivumbuzi isiyo dhahiri kwa fundi mwenzio. Kwa maboresho kama yako naona cheti cha uvumbuzi mdogo kinafaa zaidi: hudai upya na manufaa ya kiviwanda tu, hudumu miaka 10, wala hakihuishwi. Chora vidole hivyo kwa makini na ueleze jinsi vinavyosita, maana madai utakayoyaandika ndiyo mpaka wa haki yako.

Fundi wa Langoni, Lamu
Nimeshukuru sana. Picha za harusini zina tarehe, nitazihifadhi. Swali moja limebaki: mama ndiye aliyebuni vidole visite kabla ya ganda, mimi nikachomelea. Jina lake liandikwe?

Mzee wa Shela
Liandikwe. Yeye ni mvumbuzi mwenzio, na haki ni yenu wawili.